Uniti Mbili za Kifungo

Kifungo alikufa siku ya Jumanne, saa kumi na robo alasiri, juu ya taulo sebuleni, katikati ya miguu ya mama mkwe wangu. Alikuwa mbwa wa miezi mitano, uzito wake kilo nne.

Jumatano niliamka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, nikatoa bakuli lake kabatini kabla sijakumbuka. Nikalirudisha. Nilipofungua friji kuchukua dawa ya Mama, yeye alikuwa ameshakaa mezani na mkono wa gauni ameukunja mpaka begani. Akaangalia rafu ya chini, iliyokuwa ya Kifungo. Haikuwa na kitu.

"Umeshaiondoa dawa yake," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ahsante, mwanangu. Nisingependa kuiona leo."

Nikamdunga, nikamchemshia chai, nikaenda kazini. Kichupa cha Kifungo sikukiondoa kwa ajili yake. Kilikuwa kimevunjika tangu Jumanne saa moja kasoro asubuhi, na vipande vyake vilikuwa kwenye pipa la taka, ndani ya gazeti, chini ya maganda ya viazi.

Mimi ni mke wa mwanawe wa mwisho. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani yupo siku nne au tano kwa mwezi, kwa hiyo nyumba ni ya Mama na mimi. Nina kiduka cha fotokopi na kuchapa barua, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Mama ni mstaafu. Alifanya kazi kiwanda cha mashati miaka thelathini na moja, ishirini ya mwisho akiwa mkaguzi. Kila shati lilipita mikononi mwake kabla ya kuingia kwenye boksi, na likiwa na mshono uliokwenda kombo lilirudi lilikotoka. Alistaafu macho yakiwa yamechoka, ila vidole havikustaafu. Mpaka leo ukimpa taulo ajifute, kwanza anapitisha kidole gumba kwenye pindo.

Nilipoolewa nilimpelekea foronya niliyoishona kwa mkono wangu. Akaigeuza ndani nje, akaiangalia, akasema, "Aliyeshona hii ana haraka." Tangu siku hiyo jina langu ndani ya nyumba ni Bi Haraka. Halisemi kwa ubaya. Mwaka huu peke yake nilikuwa nimevunja glasi tatu na kifuniko cha birika, na kila mara alicheka tu. "Siku tukifungua duka la vyombo," alisema, "wewe ndiye utakuwa mteja wetu mkuu." Nami nilicheka. Lakini kicheko kile kilikuwa kinabaki kimenichoma mahali, na nilikuwa nimeanza kuokota vipande kabla hajaingia jikoni.

Kifungo tulimpata kwa kinyozi ambaye kiduka chake kimeungana na changu. Mbwa wake alizaa wanne. Wawili walichukuliwa na watu wa mbali, mmoja akabaki naye, akampa jina la Wembe, na wa mwisho akanipa mimi nimpelekee Mama, akae naye mchana. Mama alimshika kidevu, akamtazama pua, akasema ni kifungo cha koti la baridi hiki. Basi likawa jina.

Alipofikisha miezi mitatu alianza kunywa maji kupita kiasi. Anamaliza bakuli, analilia jingine, halafu anakojoa popote alipo. Anakula sana, lakini mbavu zinahesabika. Mimi nilidhani ni minyoo. Mama alimwangalia siku mbili, akasema, "Huyu ana ugonjwa wangu."

"Mama, mbwa mdogo hivi?"

"Mimi najua kiu ya sukari inavyofanana."

Tukampeleka kliniki ya wanyama, na daktari akapima damu, akasema Mama amepatia. Ni nadra kwa mbwa wachanga lakini hutokea, na wakati mwingine hutembea katika ukoo. Mama akamwambia Kifungo, "Sasa wewe na mimi ni ndugu." Walianza kula pamoja na kudungwa pamoja, saa moja asubuhi na saa moja jioni, na mimi ndiye mdungaji wa wote wawili kwa sababu Mama haoni mistari ya sindano. Mume wangu akipiga simu alikuwa anauliza, "Wagonjwa wangu wameamkaje?"

Daktari alitueleza mambo mengi siku ile ya kwanza. Kwamba Kifungo ale kwanza ndipo adungwe. Kwamba mnyama mdogo hana akiba mwilini, kwa hiyo dawa ikizidi sukari inaporomoka upesi, ataanza kuyumba, atatetemeka, kisha degedege. Kwamba likitokea hilo apakwe asali kwenye fizi na aletwe mbio. Kisha akatoa kichupa na pakiti ya sindano zenye kifuniko chekundu, akasema vitu hivi viwili vinakwenda pamoja, vya Mama vinakwenda pamoja, visichanganywe kamwe, kwa kuwa nguvu ya dawa si sawa. Mimi wakati huo nilikuwa naandika saa za kula. Nilichoshika ni nusu yake: nyekundu ni ya mbwa.

Jumanne ile nilikuwa nimetoka kuosha vyombo. Nilifungua friji kwa mikono yenye maji, kichupa cha Kifungo kikaniteleza, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Kilipasuka kwa sauti ndogo tu. Mama alikuwa anaoga, nikasikia maji yake yakimwagika. Nilipata muda wa kufuta, kukusanya vipande, kuvifunga gazeti na kuvifukia kwenye pipa. Dawa ile ina harufu kali ya dispensari, na Mama alipotoka alisimama mlangoni na taulo kichwani.

"Mbona jikoni kunanuka hospitali?"

"Nimesafisha sinki, Mama."

"Umefanya vizuri."

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Jioni nikitoka kazini nitapita kliniki, ninunue kichupa kingine, nikiweke pale pale, na mtu asijue. Kilichokosekana ni dozi ya asubuhi tu. Na kwenye rafu ya juu kilikuwepo kichupa cha Mama. Insulini ni insulini, nilijiambia. Nikachukua sindano nyekundu ya Kifungo, maana nilikumbuka nyekundu ni ya mbwa, nikavuta dawa ya Mama mpaka mstari wa pili, uniti mbili, dozi yake ya kila siku. Niliangalia mstari ule mara mbili. Nakumbuka nilijiona mwangalifu.

Kifungo alikula nusu ya chakula chake akaanza kucheza na kamba ya pazia. Nikamdunga hivyo hivyo, nikamdunga na Mama, nikaondoka.

Saa tano kasoro robo simu ililia nikiwa nachapa barua ya mteja. Sauti ya Mama ilikuwa ndogo. "Njoo. Kifungo anapiga mateke hewani."

Nilitoka mbio nikamwacha mteja amekaa. Kinyozi aliniona nikipita, akaniuliza kuna nini, nikamwambia bila kusimama, naye akanikuta nyumbani na gari lake. Kifungo alikuwa chini ya meza, ubavu chini, miguu yote minne inakwenda kama anakimbia, shingo imepinda nyuma, meno yameshikana, povu mdomoni, mkojo chini yake. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutuona. Mama alikuwa amepiga magoti, na mtungi wa asali mkononi, anampaka fizini kwa kidole na kusema, "Lamba, ndugu yangu. Lamba, lamba."

Kliniki walimchukua mlangoni. Daktari alitafuta mshipa usiozidi unene wa uzi kwenye mguu wa mbele, akaupata, akamsukumia glukosi polepole. Miguu ilipunguza mwendo, ikaacha. Baada ya dakika kadhaa Kifungo aliinua kichwa akamtazama Mama, mkia ukagusa meza ya chuma mara moja. Mama akasema "Alhamdu—" halafu hakumaliza, akashika ukingo wa meza.

Daktari alifungua daftari lake. Ni kijana, mtaratibu, kila kitu anaandika.

"Amepata kiasi gani leo?"

"Uniti mbili," nikasema.

"Kwa sindano yake?"

"Kwa sindano yake."

"Kichupa ni kile kile? Hamkubadilisha chochote?"

Mama alikuwa ananiangalia, si kwa kunishuku, kwa kunitegemea tu, kwa kuwa yeye haoni mistari. Nilifungua mdomo. Nilimwona kichwani mwangu akisema Bi Haraka kavunja tena, mbele ya daktari na kinyozi, na kinyozi akicheka.

"Kile kile," nikasema.

"Daktari, ni mimi," Mama akadakia. "Hakumaliza chakula. Nzi walikuwa wengi, nikaondoa sahani. Ningeiacha angerudi kumalizia, yeye ndiyo tabia yake. Nimemnyima."

"Alikula nusu?"

"Nusu."

Daktari akaandika. "Basi itakuwa hilo, Mama. Dawa imekuta tumbo halina kitu. Usijilaumu, hutokea."

Na mimi, hapo nilipokuwa nimesimama na pochi yangu kifuani, nilishukuru kwamba ni sahani. Nilihisi kabisa mabega yakishuka. Hilo nimelisema mara chache sana, hata nafsini mwangu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alimpima sukari mara mbili zaidi, ikawa imepanda. Akasema kwa uniti mbili, ikifika saa tisa nguvu ya dawa itakuwa imepungua, twende naye nyumbani, tumpe chakula kidogo kidogo, na jioni asidungwe kabisa. Kinyozi aliturudisha. Njiani alikuwa anamwambia Mama, "Amekutia homa, Mama, huyu atalipa kwa kulinda nyumba miaka kumi."

Sikurudi dukani. Kifungo alikula vijiko vitatu kutoka kiganjani mwa Mama, akalala. Saa kumi sikio lake lilianza kuchezacheza. Kisha mdomo. Kisha ikaja yote, kwa nguvu kuliko ya asubuhi, na haikuacha. Mama alimpaka asali, asali ikatoka na povu. Nilimpigia daktari, akasema mlete sasa hivi, nikampigia kinyozi, akasema ana mteja lakini anakuja, na katika kuja huko miguu ilisimama, Mama akaweka mkono kwenye kifua chake, akauacha hapo muda mrefu, kisha akamfunika na upande wa taulo.

"Sahani," akasema. "Sahani moja."

Saa moja jioni nilikwenda friji kumchukulia Mama dawa yake. Labda ni kwa sababu siku nzima nilikuwa nimeulizwa habari za kichupa, nilikigeuza na kukisoma. Pembeni kimeandikwa 100: uniti mia kwa kila mililita. Boksi la sindano za Kifungo lilikuwa bado juu ya friji, nikaliteremsha. Limeandikwa 40: sindano za dawa ya uniti arobaini. Nilisimama na hivyo viwili mkononi, mlango wa friji uko wazi. Mimi hesabu za namna hiyo nazifanya kila siku. Kutoka arobaini kwenda mia, kwenye mashine yangu, ni kukuza kwa asilimia mia mbili na hamsini. Mstari wa pili ulikuwa umebeba uniti tano.

"Bi Haraka, leo umekuwa Bi Polepole," Mama aliita kutoka mezani, kwa sauti ya mtu anayejilazimisha utani.

Nilimpelekea dawa yake. Nilijiambia nitasema kesho.

Wiki ya kwanza niliona Mama haondoi sahani. Akimaliza kula anaiacha mezani, yangu pia, na nikitaka kuichukua ananishika mkono. "Una uhakika umeshiba?" Nikisema nimeshiba anauliza tena. Nikirudi jioni nakuta sahani ya asubuhi na ya mchana ziko pale pale, na nzi. Halafu akaacha kukagua. Taulo alijifutia tu. Nguo nilizofua alinipa nizikunje bila kuzigeuza. Siku moja alinipa blauzi yake akasema, "Niangalizie kwapani kama imefumuka, mimi siaminiki siku hizi." Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema leo kuna joto. Nikaiangalia, nikasema haijafumuka.

Mume wangu alikuja, akakaa siku nne. Usiku mmoja chumbani aliniuliza kama Mama anaumwa. Nikamjibu ni huzuni ya mbwa. Akasema ahsante kwa kumwangalia vizuri. Ni wa pili kunishukuru.

Wiki ya pili, kupitia ukuta, nilimsikia kinyozi akimwambia mteja, "Wembe naye kaanza maji. Kama anazima moto." Ukuta ule ni wa mbao nyembamba; mashine yake ya kunyoa nikiisikia najua imeshika kichwa chenye nywele ngumu au laini. Nilisikia Wembe kapelekwa kliniki. Nilisikia kisukari, sawa na nduguye. Nilisikia daktari anampa dawa kidogo sana, kwa kuogopa. Kila asubuhi kinyozi alikuwa anamhesabia maji: bakuli la tano, ndugu yangu, na ndiyo kwanza saa nne. Wateja wakacheka, naye akacheka, halafu siku zikawa nyingi na kicheko kikaisha.

Wiki ya tano, siku ya Ijumaa, alikuja upande wangu na kikaratasi.

"Dada Fotokopi, nitolee nakala mbili. Moja ya wifi yako, haamini mdomo wangu, anasema mimi ndiye namnyima mbwa chakula."

Kilikuwa kikaratasi alichonakili daktari kutoka daftari lake. Nilikilaza kwenye kioo cha mashine, nikakinyoosha pembe. Juu palikuwa na uzito wa Wembe, kila wiki mstari wake: kilo nne na nusu, nne na robo, nne, tatu na nusu. Chini yake daktari ameandika: *Nusu uniti asubuhi, nusu uniti jioni. Tahadhari: ndugu yake wa tumbo moja alipata degedege kwa uniti 2 tu, akafa. Dozi isiongezwe.*

"Daktari mwenyewe anasema anakonda, anaona," kinyozi alisema nyuma yangu. "Lakini afadhali mwembamba kuliko awe kama yule wenu. Samahani, dada. Sikukusudia."

Nikabonyeza. Taa ikapita chini ya kioo, ikatoka nakala ya kwanza, ya pili. *Uniti 2 tu.* Yalikuwa maneno yangu, kwa mwandiko wa daktari, yamekolea wino vizuri. Nikampa zote tatu.

"Vipi, umetoa weusi sana?" aliuliza, maana nilikuwa sijaachia karatasi.

"Hapana. Ziko sawa."

Alipotoka nilifunga duka. Ilikuwa saa sita mchana.

Mama alikuwa sebuleni na kapu la nguo kavu, anakunja bila kuangalia. Nilikaa sakafuni kwa kuwa kwenye kiti nisingeweza. Nilianza na kichupa, nikaenda kwenye sinki, sindano, mstari wa pili, 100 na 40. Nilisema kwa mpangilio, kama ninavyoandika hapa, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida mpaka nikaiogopa. Yeye aliendelea kukunja. Nilipomaliza akaweka nguo pembeni.

"Nionyeshe."

"Nini, Mama?"

"Ulivyofanya. Lete sindano. Lete maji kwenye glasi."

Nikaleta. Nikavuta maji mpaka mstari wa pili. Akaichukua, akaenda nayo dirishani, akaisogeza karibu na jicho, akaiweka mbali, akaizungusha. Zilikuwa zimepita wiki tano sijamwona akiangalia kitu namna hiyo.

"Mbili," akasema. "Hata mimi ningeipitisha. Mshono mzuri, kitambaa sicho." Akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha. "Na pale kwa daktari, niliposema ni sahani, ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nilifurahi, Mama. Nilifurahi kwamba ni sahani."

Hapo aliniangalia. Sijui kama aliniona vizuri kwa macho yale, natamani kudhani hakuniona.

"Ungesema umevunja," alisema, "ningecheka. Ningekucheka mpaka jioni. Ndicho ulichokuwa unakiogopa?"

"Ndiyo."

"Kucheka?"

"Ndiyo, Mama."

Nilisubiri anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akauliza, "Ni nani mwingine hajui?"

Nikamwambia habari ya Wembe na kikaratasi. Sikumaliza. Alikuwa ameshasimama, anatafuta kitambaa cha kichwa.

"Vaa viatu."

Kinyozi alikuwa amemshika mteja kichwa, upande mmoja umenyolewa, mwingine bado. "Shikamoo, Mama! Umekuja kunyoa?"

"Marahaba. Funga duka, twende kwa daktari na mbwa wako."

"Mama, nina nusu ya kichwa hapa."

"Kichwa kitangoja. Mbwa hangoji."

Mteja alicheka peke yake. Kinyozi alimwangalia Mama, kisha akaniangalia mimi, akatoa shuka shingoni mwa yule mtu.

Nilifikiri Mama atanisemea. Tulipoingia chumba cha matibabu, Wembe akiwa juu ya meza ile ile ya chuma, mifupa ya nyonga imechomoza, Mama alivuta kiti akakaa pembeni, akakunja mikono mapajani na kuniambia, "Haya. Anza na kichupa." Basi nikasema tena, yote, safari hii nikiwa nimesimama.

Daktari hakunikatiza. Alichukua kalamu akazidisha kwenye ukingo wa daftari, akapata tano, akaigawa kwa kilo za Kifungo, akapiga duara jibu. Alilitazama lile duara.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ningejua nisingemwachia aondoke. Angekaa kwenye dripu mpaka kesho yake. Siwezi kukuambia angepona. Lakini nisingemwachia." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Mimi nilidhani nimemuua kwa dozi yangu. Nimekuwa nikiwaambia na wenzangu."

Alirudisha kurasa nyuma, akaikata ile sentensi ya tahadhari, akaandika kitu chini yake ambacho sikukiona. Halafu akamgeukia Wembe, akamfungua kope la jicho la kushoto na kidole gumba, akamulika. Alimulika muda mrefu. "Hili limeanza kuingia ukungu," akasema. "Sukari imekaa juu kwa muda mrefu mno."

Kinyozi alikuwa anamkuna Wembe nyuma ya sikio, polepole.

"Ukuta wetu ni mmoja, dada," akasema bila kuniangalia. "Siku zote hizo ulikuwa unanisikia nikimhesabia maji."

Nilisema samahani, na neno likawa dogo hata kwangu. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyompitisha mwingine mlangoni.

Mama na mimi tulirudi kwa miguu. Hakuniegemea. Tulipofika alizikusanya sahani za mezani, zote, akaziosha mwenyewe, akasema kuanzia kesho atadungwa na muuguzi wa dispensari anayepita njia yetu akienda kazini, ameshafikiria hivyo njiani. Ananiita kwa jina langu sasa, lile la kuzaliwa. Utani umeisha. Mume wangu nilimwambia kwa simu usiku ule ule. Akasema tutaongea akifika. Alifika, tukaongea.

Kinyozi anatoa nakala zake duka la ng'ambo ya barabara. Mashine yake naisikia bado.

Wembe amefikisha kilo tano na robo. Anapewa uniti mbili saa moja asubuhi na uniti mbili saa moja jioni, baada ya kula. Jicho la kushoto halioni.